Mikayi Huwasha Kwanza

Katika boma letu kompyuta ya mke mwenzangu ndiyo iliyowashwa kwanza. Yangu ilikuwa mpya kuliko yake na ilikuwa na kasi kuliko yake, na mara nyingi kazi ya haraka ilikuwa juu ya meza yangu. Hata hivyo sikuigusa mpaka nisikie mlango wake umefunguliwa, pazia limefungwa fundo, na mashine yake kuukuu imeanza kuvuma kama jiko la mafuta. Hapo ndipo niliponyoosha mkono. Stima ya Migori miaka ile ya tisini ilipotea ilivyotaka, na kila iliporudi tulianza upya kwa mpangilio ule ule, yeye kisha mimi. Ikirudi akiwa chooni, nilingoja atoke chooni.

Watu wote walimwita Mikayi, yaani mke wa kwanza, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake la kitambulisho niliwahi kuliona mara moja nikaliona geni, kama la mtu mwingine. Mimi ni mke wa pili. Nilitoka Ukuria, karibu na mpaka, nikaolewa katika boma la Waluo nje kidogo ya mji wa Migori. Mume wetu alikufa mapema, akatuachia nyumba mbili zinazotazamana na uwanja katikati. Mikayi alikuwa amepiga taipu ofisini mjini kwa miaka mingi. Alipostaafu aliuleta ujuzi nyumbani, akanifundisha, tukawa tunachapa programu za mazishi, kumbukumbu za mikutano ya kanisa, na mitihani ya shule za msingi.

Nasema alinifundisha, na ni kweli, ila namna yake ya kufundisha ilinitoa machozi. Alinifunika mikono kwa leso ili nisione herufi. Nikikosea aliichomoa karatasi kwenye mashine ya taipu, akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya mguu wa meza yangu. Baada ya wiki mbili meza ilikuwa imeinama upande mmoja na mimi napiga taipu kama mtu aliyepanda mlima. Siku nilipomaliza ukurasa mzima bila kosa alizitoa karatasi zote, meza ikakaa sawa, akaenda kupika.

Kwa Waluo mke wa kwanza ndiye anayeanza. Hupanda kwanza, huvuna kwanza, na wa pili hufuata. Sikuja kutoka porini, kwetu pia wakubwa wana nafasi yao, na katika mambo ya mahindi sikuwahi kumtangulia. Lakini mahindi ni mahindi. Nilipomuuliza siku moja kompyuta inahusiana nini na mila, aliniangalia juu ya miwani akaniambia kwamba kazi inayolisha boma ni shamba, hata ikiwa na kioo.

Jambo jingine lililoniudhi ni lugha. Nilipoolewa sikujua Kijaluo, tukawa tunaongea Kiswahili. Nikajifunza. Baada ya miaka sita niligombana sokoni kwa Kijaluo na nikashinda. Lakini nyumbani nikimsalimu kwa Kijaluo alinijibu kwa Kiswahili, kile kile cha kuongea na makanga wa basi na askari. Aliniita Nyar Kuria, binti wa Ukuria, kana kwamba nimeshuka jana. Na bado mtu wa nje akijaribu kunisema, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfukuza. Shemeji zetu walipokuja baada ya mazishi kuuliza kwa upole narudi kwetu lini, aliwaambia wanywe uji wao kabla haujapoa. Hakusema nitabaki. Hakusema nitaondoka. Aliwanywesha uji tu.

Mashemeji hao hawakuacha. Kila msimu mmoja wao alipita akitazama nyumba yangu kama mtu anayepima. Jibu langu kwao lilikuwa ile kompyuta iliyowekwa karibu na dirisha, mahali ambapo kila anayeingia bomani anaiona. Mke mwenye kazi nyumbani mwake ana mizizi. Asiye na kazi ni mgeni aliyekawia. Nilijua hivyo, wao walijua hivyo, na Mikayi alijua kutushinda sote.

Mashine zenyewe zilikuja kwa njia mbili. Yake aliletewa na mwanawe wa kwanza kutoka Nairobi, ofisi fulani ilipokuwa ikibadilisha vifaa. Yangu ililetwa na kaka yangu mwaka uliofuata. Printa ilikuwa moja, nayo ilikaa kwa Mikayi, imefunikwa kwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya waridi. Kwa hiyo kila nilichochapa upande wangu kilipaswa kuvuka uwanja ili kichapwe kwenye karatasi upande wake. Kilivuka ndani ya diski, na hapo ndipo nywele zangu zilipoanza kutoka mvi.

Kati ya wake wenza kuna adabu ya bakuli. Ukiletewa mboga hurudishi bakuli tupu, unatia hata chumvi, hata ndizi mbili. Mikayi alikuwa na msemo wake, chombo hakirudi kitupu, na aliuamini kuliko baadhi ya aya za Biblia. Nikimpelekea diski yenye kazi, aliichapa kazi hiyo, kisha kabla ya kuirudisha alitia humo kitu chake. Mara orodha ya wanakwaya, mara barua ya mfano, mara mapishi ya keki aliyoyanakili mwenyewe. Diski zenyewe hazikuwa na nafasi ya kuchezea. Nilikuwa nikitaka kuhifadhi mtihani, mashine inaniambia diski imejaa, nafungua naona wanakwaya. Nilimweleza. Alinisikiliza vizuri sana, akanirudishia diski ile ikiwa na ratiba ya maombi.

Siku moja alitia humo programu ya mazishi aliyoiita KAZI. Mtihani wangu wa Hisabati nao ulikuwa unaitwa KAZI. Mashine haikunung'unika, iliuondoa wangu ikaweka yake. Mwalimu mkuu alipokuja kuchukua karatasi alisimama mlangoni akizikagua, akafika ukurasa wa tatu, akasoma kwa sauti kwamba marehemu ameacha wajane wawili na ng'ombe. Alikuwa mtu mpole lakini siku hiyo alisema kwamba tukirudia tena atatafuta wachapaji Homa Bay. Mikayi alimpa kiti na chai. Mwalimu alipoondoka, Mikayi aliniambia mimi ndiye niliyeipa kazi jina la uvivu. Nilikaa siku mbili bila kuvuka uwanja.

Ndiyo maana tukaamua kuvuta waya. Fundi aliyekuja alikuwa wa televisheni na redio, mtu wa makamo kutoka Oyugis, na imani yake ilikuwa moja. “Mama, kila shida iko kwa waya,” alituambia. Aliuning'iniza kutoka dirisha la Mikayi hadi langu, juu ya uwanja. Mara ya kwanza alitumia waya wa antena ya televisheni kwa sababu unafanana na ule unaotakiwa. Mashine hazikuonana. Akarudi na waya sahihi kutoka Kisumu. Hazikuonana. Akarudi mara ya tatu, akabadilisha vifuniko vya ncha zote mbili, akapanda juu ya mabati, akashuka, akapanda tena, na mashine bado hazikuonana. Muda wote huo Mikayi alikaa uwanjani na daftari lake akiandika kila alichofanya fundi kwa hati mkato, yale maandishi ya makarani yanayofanana na nyayo za kuku. Hakuna mwingine bomani aliyeweza kuyasoma. Nilidhani anaandika ili aje kumlaumu.

Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema kwa mtu yeyote wakati ule. Waya haukuwa na kosa, hata ule wa antena. Kosa lilikuwa langu, na nililijua tangu siku ya kwanza.

Fundi alianza, bila shaka, nyumba ya Mikayi. Mashine yake ilipouliza iitwe jina gani, Mikayi aliandika mwenyewe. Kisha fundi akaja kwangu, na akiwa juu ya mabati aliniambia kwa kelele niandike jina la mashine yangu. Nilifikiria kidogo tu. Vitu vyote vya mume wetu vilikuwa vimekwenda nyumba ya kwanza, kiti, redio, fimbo, hata ile picha aliyopigwa amesimama kando ya baiskeli. Mimi sikuachiwa kitu chenye jina lake ila watoto. Nikaandika jina lake. Mashine ilipowaka upya ukaja ujumbe kwenye kioo, kwamba jina hili tayari linatumiwa na kompyuta nyingine, chagua jingine.

Kumbe Mikayi naye alikuwa ameandika lile lile.

Mashine mbili kwenye waya mmoja haziwezi kuwa na jina moja. Inayowashwa kwanza hulichukua, na ya pili hukataliwa mlangoni. Kwa kuwa Mikayi aliwasha kwanza kila siku ya Mungu, ujumbe ule haukumtokea hata mara moja. Ulinitokea mimi, kila asubuhi. Nilikuwa naufuta haraka kabla fundi hajashuka, kisha nikitoka nje namuuliza kama ameangalia vizuri upande wa dirisha. Kubadilisha jina kungenichukua dakika mbili. Nilikataa. Nilisema moyoni, safari hii asogee yeye. Bila shaka hakusogea, kwa kuwa hakujua. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini Mikayi angekijuaje nami nilikuwa nimekifunika kwa mikono yangu miwili?

Halafu ikaja mitihani ya majaribio ya darasa la nane. Mwalimu mkuu aligawa kazi, nusu kwa Mikayi nusu kwangu, na akasema diski hataki kuisikia. Mikayi alinijia Jumatatu. Alisimama nje ya kizingiti kama kawaida yake, hakuwa na tabia ya kuingia kwangu.

“Nyar Kuria, hiyo waya ikikataa mpaka Ijumaa, mashine yako italetwa huku kwangu. Utakuwa unakuja kufanyia kazi kwa meza yangu.”

“Na nyumba yangu?”

“Nyumba yako itabaki ya kulala.”

Hakusema kwa ubaya. Hiyo ndiyo ilinikera zaidi, alisema kama mtu anayepanga viti vya harambee. Niliona meza yangu karibu na dirisha ikiwa tupu, na shemeji akipita akiitazama. Ningekuwa msaidizi katika nyumba ya mwenzangu, mwanamke wa kulala tu katika yangu, na mtu wa namna hiyo haulizwi anarudi kwao lini, anafungiwa mizigo. Ningeweza kuokoa yote kwa kufuta jina moja na kuandika jingine. Jumanne nilikaa mbele ya kioo mkono ukiwa kwenye kibodi. Jumatano pia. Sikuweza. Nilimkasirikia Mikayi, nikamkasirikia fundi, nikamkasirikia marehemu kwa kuwa na jina moja tu.

Alhamisi stima ilipotea asubuhi. Mikayi alikaa uwanjani kwenye kigoda akichambua omena, dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Karibu na saa sita redio ya jirani ikaanza kuongea, tukajua stima imerudi. Akaanza kuinuka. Magoti yake yalikuwa yameanza kuharibika wakati huo, ilimbidi ashike ukuta. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mashine yangu. Sijui nini kilinipata, au najua. Nikabonyeza.

Mashine yangu ilipiga ile sauti yake ya kuamka, kali kama filimbi, nayo ikasikika bomani kote. Mikayi alisimama katikati ya uwanja akiwa amenigeuzia mgongo. Hakugeuka. Akaingia kwake polepole, nikasikia yake ikianza kuvuma, kisha ikanyamaza kwa namna ninayoijua, namna ya mashine inayongoja jibu. Nilijua kilichoandikwa kwenye kioo chake. Nilikaa nikingoja atoke na maneno. Alitoka, akakaa kwenye kigoda chake, akaendelea na omena. Aliuchambua ungo mzima, kisha akauchambua tena, na kila mara aliinua macho kutazama dirisha langu.

Ijumaa niliamka nikakunja kitambaa cha meza. Niliona ni heri niifungashe mashine mwenyewe kuliko kufungashiwa. Lakini nilingoja mlango wake ufunguke, pazia lifungwe, mvumo uanze, kwa mazoea tu, kisha nikawasha kwa mara ya mwisho.

Ujumbe haukuja. Nikangoja, nikidhani umechelewa. Nikafungua ile orodha inayoonyesha mashine zilizo kwenye waya, ambayo tangu fundi aondoke haikuwa imenionyesha kitu. Kulikuwa na mbili. Moja ilikuwa na jina la mume wetu, nayo ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa: MIKAYI.

Nikaibonyeza ikafunguka. Kazi zake zote zilikuwa pale, Hisabati, Kiingereza, Sayansi, wanakwaya, keki. Sikuwahi kuona mambo yake kwa wingi hivyo. Nikatuma mtihani wangu wa kwanza, na upande wa pili wa uwanja printa ikaanza kupiga yowe. Nilivuka mbio. Nilimkuta anachana kingo za karatasi zenye matundu, daftari lake la nyayo za kuku likiwa wazi kando ya kibodi. Alikuwa ameyafuata maandishi yake hatua kwa hatua, peke yake, mpaka akafika mahali pa jina. Alinipa karatasi bila kuniangalia.

“Ukurasa wa pili uko na makosa,” akasema.

Ulikuwa nayo kweli. Nikarudi kurekebisha.

Tulifanya kazi namna ile zaidi ya mwaka, na hakuna aliyelitaja jambo lile. Waya ulikatika mara mbili, mara moja kwa upepo na mara moja kwa mbuzi, na fundi alifurahi sana kuthibitishwa. Mikayi aliendelea kuwasha kwanza. Aliendelea kuniita Nyar Kuria. Na ingawa diski hazikuvuka tena, kila nilipotuma kazi kwake nilikuta kesho yake kuna kitu kimeingizwa kwangu, sala fupi au orodha ya bei za sabuni. Nilikuwa nafuta nikisonya.

Magoti yalipomshinda, binti yake wa mwisho, aliyeolewa Homa Bay, alimchukua akae naye karibu na hospitali, nyumba ikafungwa printa ikiwa ndani, na kazi zetu zikasimama. Nilikwenda kumwona mwishoni mwa mwaka, nimembebea unga wa wimbi kutoka kwetu ndani ya kikapu, ule unga ambao miaka yote alisema una mchanga na miaka yote aliumaliza. Alikuwa amekaa barazani, miguu juu ya stuli, amepungua. Akaonja unga kwa ncha ya kidole.

“Bado iko na mchanga,” akasema, akamwita binti yake aupeleke ndani.

Tuliongea habari za boma. Kisha, kwa kuwa niliona mwili wake ulivyokwisha, nikaogopa kwamba nisipouliza siku hiyo sitauliza tena.

“Mikayi, kwa nini ulibadilisha lile jina?”

Hakujifanya hajui. “Wewe uliona hiyo maandishi kwa kioo siku ya kwanza.”

“Siku ya kwanza.”

“Na ukaacha fundi apande kwa mabati.”

“Nilimwacha.”

Akapangusa unga uliobaki kidoleni kwa leso yake. “Hiyo jina wewe ndiye ulikuwa unaihitaji. Ndugu zake wakikuja, wakute iko kwa meza yako. Mimi hata nisipoandikwa mahali, bado ni mikayi.”

Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumtupia kikapu. Miaka yote ile, hata anapokupa kitu, anakupa akiwa amesimama juu yako. Machozi yalinijia, na nilikasirika kwamba yamenijia mbele yake. Yeye alijifanya anatazama barabarani. Nilipoinuka kuondoka aliomba kikapu changu, akafungua fundo la leso yake, akatia humo ufunguo wa nyumba yake.

“Chombo hakirudi kitupu,” akasema. “Na printa usiache bila kuifunika.”

Asubuhi iliyofuata, Migori, nilikuwa na kazi ya kanisa inayotakiwa kabla ya saa nne. Nilikaa mbele ya mashine yangu, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kungojwa. Kisha nikachukua ufunguo, nikavuka uwanja huku nikimsema kwa sauti, nikafungua mlango wake, nikafunga fundo la pazia. Nikaiwasha mashine yake. Sikukaa kwenye kiti chake, nilisimama kando nikiingoja imalize kuvuma, ikachukua muda wake wote. Ilipomaliza, nikarudi kwangu kuwasha yangu.